Maksi zinapanda, wodini mambo yale yale: nimhoji nani na nimuulize nini?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mratibu wa mafunzo ya manesi na wakunga, tunawafundisha kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa hapumui. Mafunzo ni ya siku mbili, tunatoa mtihani kabla na baada, na maksi huwa zinapanda vizuri tu. Shida ni kwamba miezi kadhaa baadaye wasimamizi wanaotembelea vituo wanasema wodini mambo ni yale yale. Wafadhili wanataka tathmini na wamesema lazima iwe na mahojiano, sio namba peke yake. Nimejaribu kuhoji watu wachache na vikundi viwili, wote wakasema mafunzo yalikuwa mazuri sana na wanaomba mengine. Bosi wangu anasema hizo ni stori tu, watu kumi hawawezi kuthibitisha kitu. Je, nihoji wangapi ndio ikubalike? Vikundi au mmoja mmoja? Na uchambuzi naweza kuufanya mwenyewe au mpaka nitafute mtu?"

Asante kwa kueleza kwa kirefu hivyo, imenisaidia sana. Naomba nianze na hilo la wote kusema mafunzo yalikuwa mazuri, manake hapo ndipo penye tatizo, na ukiparekebisha hapo hayo mengine yote, idadi, vikundi, bosi, yanakuwa mepesi. Uliwauliza kuhusu mafunzo. Mtu ukimuuliza kuhusu mafunzo atakueleza mafunzo, yaani ukumbi, mwalimu, muda ulikuwa mfupi, vitabu havikutosha, na kwa kuwa anayeuliza ni yule yule aliyemwalika na ndiye anayeandika majina ya watakaoitwa tena, atamalizia kwa kusema yalikuwa mazuri na muendelee hivyo hivyo. Hajakudanganya. Amekujibu kwa adabu swali ulilomuuliza. Wewe ulitaka kujua nini kilitokea usiku ule pale leba mtoto alipotoka kimya, na hilo hakuna aliyemuuliza.

Sasa tuangalie kwa nini maksi na wasimamizi wanaonekana kupingana. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Donald Kirkpatrick, alipendekeza mafunzo yapimwe kwa hatua nne: washiriki wameyaonaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, na matokeo yamebadilikaje. Mpaka leo watu wengi kwenye kazi hii tunazitumia hatua hizo. Mtihani wako unapima hatua ya pili. Mahojiano uliyofanya, samahani kusema, yamepima ya kwanza. Wasimamizi wanaongelea ya tatu. Hakuna anayempinga mwenzake hapo, kila mmoja anaangalia sehemu yake. Kosa linalofanyika sana ni kudhani hatua moja ikipanda inaivuta inayofuata, na haiko hivyo hata kidogo.

Chukua hiyo hiyo mada yenu. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa ndani ya dakika ya kwanza, ile mnayoifundisha kama dakika ya dhahabu. Ili hilo litokee mkunga inabidi atambue kwamba mtoto hapumui, amkaushe na kumchochea bila kupoteza muda, ambubegi (ule mfuko wa kubana kwa mkono unaompa mtoto hewa kupitia barakoa) iwe karibu na iwe nzima, barakoa iwe ya saizi ya mtoto mchanga, mikono yake iwe bado inakumbuka jinsi ya kuibana ile barakoa usoni hewa isivuje, awepo wa kumwangalia mama wakati huo huo, na, hili watu hulisahau, awe anaruhusiwa kufanya hivyo bila kumsubiri mtu mwingine. Mtihani wa karatasi unagusa mambo kama mawili katika hayo, ukiongeza mazoezi ya kwenye mdoli labda matatu. Pia ujuzi wa mikono unapungua ndani ya miezi tu kama mtu hafanyi mazoezi mafupi ya mara kwa mara kituoni kwake, na mkunga kwenye kituo kidogo anaweza kukaa muda mrefu bila kumpata mtoto wa aina hiyo, kwa hiyo hata aliyepata maksi za juu kabisa siku ya mwisho si lazima aziweze zile hatua miezi sita baadaye.

Mnyororo ni mrefu na unaweza kukatika popote. Namba zitakuonyesha kwamba umekatika. Mahojiano na kuangalia kwa macho ndivyo vitakavyokuonyesha umekatikia wapi, kwa nani, katika mazingira gani. Hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo sababu wafadhili wameiomba.

Nije kwa bosi wako, manake ana hoja nusu. Ni kweli watu kumi hawawezi kukwambia ni wangapi kati ya wakunga wako wote wanatumia walichofundishwa, na nakuomba sana kwenye ripoti usije ukaandika "asilimia 60 ya waliohojiwa" wakati waliohojiwa ni kumi, hapo utakuwa umempa silaha mwenyewe. Pia mahojiano peke yake hayathibitishi kwamba mafunzo yamepunguza vifo, hilo linahitaji rejesta za uzazi za kabla na baada, na ikiwezekana vituo ambavyo havikupata mafunzo vya kulinganishia. Lakini kusema ni stori tu, hapana. Wakunga watatu wa vituo vitatu tofauti, hawajuani, kila mmoja kwa maneno yake akikueleza kikwazo kile kile, na inchaji, yaani msimamizi wa wodi, akakueleza kikwazo hicho hicho kwa upande wa pili, umeshapata ushahidi wa jinsi kitu kinavyofanya kazi. Dodoso la watu mia tano lisingekionyesha kwa sababu asiyekijua kikwazo hawezi kukiweka kwenye orodha ya majibu ya kuchagua.

Kuhusu wangapi. Kuna utafiti wa Guest na wenzake wa mwaka 2006 ambao unatajwa sana, walirudia kuchambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria wakaona kwamba karibu mambo yote makubwa yalikuwa yameshajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza, na ya msingi yalionekana hata kufikia la sita. Watu wakaichukua 12 kama sheria, na sio sheria. Wale wanawake walikuwa wanafanana kwa kiasi kikubwa na maswali yalikuwa yale yale kwa wote. Wewe una wakunga, manesi, mainchaji, vituo vikubwa na vidogo, kwa hiyo usianze na namba, anza na nani. Kwa hali uliyoieleza mimi ningepanga kama watu 15 hadi 20, ningechambua huku naendelea kuhoji (sio kukusanya yote halafu ndio nisome), na nikiona mahojiano matatu manne mfululizo hayaniongezei kitu kipya kuhusu kile ninachokitafuta nasimama, na nikiona bado yanakuja mapya naendelea.

Hao 15 au 20 uwachague kwa makusudi na uandike kwenye ripoti umewachaguaje. Robert Brinkerhoff, mtaalamu wa tathmini ya mafunzo, ana mbinu nzuri kwa hili: unaanza na kauulizo kafupi kwa washiriki wote, hata kwa simu, umeshawahi kutumia ulichojifunza na ilikuwaje, halafu unakwenda kuwahoji kwa kina waliofanikiwa kuliko wote na ambao hawakutumia kabisa. Wa katikati wanakwambia machache. Tofauti kati ya hizo ncha mbili ndiyo inayokufundisha, kwa mfano ukikuta karibu wote waliofanikiwa walikuja mafunzoni wawili wawili kutoka kituo kimoja na wasiofanikiwa walikuja peke yao, hiyo pekee inaweza kubadilisha namna mnavyoita watu.

Kisha ongeza ambao hawakuja mafunzoni. Hili nalisisitiza kwa sababu karibu kila tathmini ninayoletewa inawaruka. Mkunga wako mdogo amerudi na ujuzi mpya kwenye shifti ambayo mkubwa wake hakufundishwa, mtoto ametoka hapumui, yeye anataka kuchukua ambubegi na mkubwa anasema ngoja kwanza nifyonze makohozi nimpigepige miguu. Unadhani nani atasikilizwa? Huyo mdogo kwenye mahojiano atakwambia "tulifanya kwa kushirikiana", na ukimhoji mkubwa kwa utaratibu bila kumlaumu ndio unajua kwamba hakuwahi hata kuambiwa mwenzake alifundishwa nini. Mhoji na inchaji wa wodi, na mwenye kutunza vifaa.

Hapo hapo nimeshakujibu swali la vikundi. Watu wengi wanachukulia majadiliano ya kikundi kama mahojiano ya bei nafuu, unapata watu wanane kwa saa moja. Kikundi ni kizuri unapotaka kuona watu wanakubaliana na kubishana kuhusu nini, taratibu za wodi zikoje, nini kinaonekana cha kawaida. Ni kibaya unapotaka mtu akiri kwamba alishindwa, manake hakuna atakayesema mbele ya wenzake kwamba mtoto alifia mikononi mwake akiwa hajui barakoa ipi aitumie. Na usiweke madaktari, mainchaji na wakunga wadogo kikundi kimoja, utapata maoni ya mtu mmoja na wengine saba wakitikisa kichwa. Kwa hiyo matukio yenyewe, mmoja mmoja, faragha. Vikundi, kama una muda, vije baadaye, vya watu wa ngazi moja, ukiwa umeshajua cha kuuliza.

Sasa swali lenyewe. Mwaka 1954 mwanasaikolojia John Flanagan aliandika kuhusu mbinu aliyoianzisha na wenzake walipokuwa wakichunguza marubani wa jeshi wakati wa vita kuu ya pili: usimuulize mtu maoni, muombe akusimulie tukio moja halisi tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwenu ingekuwa hivi: "Nikumbushie mtoto wa mwisho uliyempokea ambaye hakulia mara moja. Ilikuwa zamu gani? Nani mwingine alikuwepo?" Halafu unanyamaza. Akifika pale mtoto ametoka, mrudishe taratibu, ulianza na nini, ambubegi ilikuwa wapi wakati huo, nani aliifuata, ikawaje. Neno mafunzo usilitaje kabisa kwa nusu saa ya kwanza, mwache alitaje mwenyewe kama lilikuwepo kichwani mwake. Mwishoni ndio uulize, kuna chochote ulichokifanya siku ile ambacho mwaka jana usingekifanya, na ulikipata wapi? Asipotaja mafunzo yenu, hilo ni jibu na liandike. Akisema kajifunza kwa mkunga mwenzake aliyefundishwa na nyinyi, hilo pia ni jibu, tena la maana, manake linaonyesha ujuzi unasambaa kwa njia ambayo hamkuipanga.

Usiulize "je, unatumia ujuzi uliofundishwa?" kwa sababu jibu lake ni ndiyo tu. Usiulize "changamoto ni zipi?" mapema, utapewa orodha ile ile ya kila semina, vifaa, watumishi wachache, motisha. Ni kweli zote, lakini zikiwa juu juu hivyo hazikusaidii kuamua kitu.

Anayehoji asiwe wewe. Najua inauma, wewe ndio unaijua programu, lakini wewe pia ndio mwenye mafunzo. Tafuta mtu ambaye hana mamlaka juu yao na hahusiki na posho wala kuitwa tena, ila anajua kazi ya leba kiasi cha kuelewa wanachosema. Ahoji kwa lugha wanayotumia wodini, sio ya ripoti. Nenda baada ya miezi mitatu hadi sita, mapema mno hawajakutana na tukio na ukichelewa sana wamesahau mpangilio wake. Na muombe inchaji ruhusa ya kukaa wodini shifti moja mbili uangalie, ukaombe uonyeshwe ambubegi ilipo, sio uambiwe, uonyeshwe, na uhesabu dakika kimya kimya. Kumbuka mtu akijua anaangaliwa anafanya vizuri zaidi ya kawaida, kwa hiyo usichukulie ulichokiona kama kawaida yao, ila kitu ambacho hakifanyiki hata ukiwa umesimama pale basi ujue hakifanyiki.

Uchambuzi. Unaweza kuanza mwenyewe, ndiyo, lakini usiumalize mwenyewe. Rekodi kwa ruhusa, halafu yanakiliwe neno kwa neno, na weka muda kwenye bajeti manake saa moja ya sauti inaweza kukula masaa manne mpaka sita ya kuandika. Soma yote kabla hujabandika lebo yoyote. Kisha pitia kipande kwa kipande ukiandika pembeni lebo fupi ya kinachosemwa, lebo zinazoendana unaziweka pamoja, ndipo unajiuliza kundi hili linaniambia nini kuhusu swali langu. Kuna hatua sita za uchambuzi wa namna hii ambazo watafiti Braun na Clarke walizieleza mwaka 2006 na wengi wanazifuata, zifuate tu zitakutosha. Programu ya kompyuta inasaidia kupanga maandishi, haifikiri kwa niaba yako, na kwa mahojiano 20 hata karatasi na kalamu za rangi zinatosha.

Ngoja nikuonyeshe penye kuharibikia. Tuseme mkunga amesema hivi: "Ambubegi tunayo, mpya, ila ipo kabatini na funguo anakaa nayo sista, sasa usiku sista hayupo." Mchambuzi mwenye haraka atabandika "upungufu wa vifaa", ataihesabu pamoja na wengine tisa, na ripoti itapendekeza kununua ambubegi. Zitanunuliwa, zitafungiwa kabati lile lile. Soma tena polepole: kifaa kipo, kinakosekana usiku tu, kimefungiwa kwa sababu ni kipya na sista anaogopa kitapotea na yeye ndio ataulizwa. Lebo yake iwe kitu kama "kifaa kinalindwa na kukosekana usiku", na pendekezo lake ni mazungumzo na sista na uongozi kuhusu nani atabeba lawama kikipotea, ni bure kabisa na linaweza kuokoa mtoto kesho. Ndio maana nasema lebo iwe karibu na maneno ya mtu, usikimbilie majina makubwa ya kwenye ripoti.

Mtafute mtu wa pili apitie mahojiano manne matano peke yake bila kuona lebo zako, halafu mkae mlinganishe. Mkitofautiana msikimbilie kura, zungumzeni kwa nini, hapo ndipo uelewa unapokua. Halafu nenda kamtafute kwa makusudi yule ambaye hadithi yake inavunja maelezo yako. Umesema tatizo ni wakubwa kutofundishwa? Tafuta kituo ambacho mkubwa hakufundishwa na mambo yanakwenda, uone kuna nini pale. Ukimweka mtu huyo kwenye ripoti, hata bosi wako ataona kwamba hukuchagua stori za kupendeza tu.

Kuna watakaokushauri utumie ile mbinu ya kukusanya hadithi za mabadiliko makubwa zaidi, iliyoanzishwa na Rick Davies Bangladesh miaka ya 1990. Ni nzuri kwa kuwafanya watu wa programu wazungumze wanathamini nini na wafadhili wanaipenda. Ila inaelemea upande wa mafanikio, na swali lako wewe ni kwa nini mambo hayabadiliki, kwa hiyo ningeiweka pembeni kwa sasa.

Kabla hujaanza kitu chochote, nenda kwenye kamati ya maadili ya utafiti inayohusika na nyinyi uwaulize kama hii inahitaji kibali. Tathmini ya ndani wakati mwingine inapita kwa utaratibu mwepesi, lakini ukiwa na nia ya kuichapisha baadaye kibali lazima kitangulie, kwa kawaida hakitolewi kwa kazi iliyokwisha fanyika. Kuficha jina pia hakutoshi, ukiandika "mkunga wa zamu ya usiku, kituo kidogo" na kituo kina mkunga mmoja wa usiku basi umemtaja.

Kuna mambo ambayo majibu ya kuandikiana hivi hayatoshi, hapo inabidi ukae na mtu ana kwa ana. La kwanza ni uchambuzi: mtafute mwenye uzoefu wa utafiti wa aina hii, chuo chochote chenye shule ya afya ya jamii huwa nao, akae na timu yako siku mbili, moja mwanzoni kurekebisha maswali baada ya mahojiano mawili ya majaribio, moja mkishabandika lebo za mwanzo. Hizo siku mbili zina faida kuliko kumlipa mtu akuandikie ripoti nzima huku nyinyi hamkujifunza kitu. La pili, kama mhojiwa akieleza jambo linaloendelea kuhatarisha wagonjwa, sio la zamani, linaloendelea, timu iwe imeshakubaliana kabla ya kwenda atamwambia nani na kwa utaratibu gani, na mhojiwa awe ameelezwa hilo kabla hujawasha kinasa sauti. Na la tatu, hawa wakunga unawaomba wakumbuke watoto waliowapoteza. Atakayeanza kulia zima kinasa, funga daftari, mpe muda, usimrudishe kwenye swali mpaka aseme mwenyewe yuko tayari, na uwe na jina la mshauri nasaha au mtu wa ustawi ambaye umeshaongea naye mapema na amekubali kumpokea siku hiyo hiyo.